Mtoto Akienda Kusoma Historia ya Dunia, Aanzie Kwao

Mwezi wa Juni uliopita, bahari ikiwa imechafuka kwa kusi na mashua nyingi zimefungwa, alinifikia nyumbani kwangu Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, mjukuu wa dada yangu. Ni binti wa miaka 15, amezaliwa na kukulia Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani. Kwao ilikuwa likizo ya kiangazi, ile likizo ndefu ya karibu miezi mitatu. Alikuja na sanduku moja la nguo na jingine dogo lililokuwa zito kuliko kiasi chake. Nilipolinyanyua nilidhani mamake ametuletea sabuni. Kumbe ni vitabu.

Kimoja katika vitabu hivyo kilikuwa kinene kama tofali, na ndicho kilichoniletea mashaka yote haya ninayotaka kuyaeleza leo. Ni kitabu cha kujitayarishia mtihani. Asubuhi, tukishakunywa chai, binti huyu alikuwa akikaa dirishani na kitabu chake, ametandaza kadi za rangi mbalimbali, anahifadhi. Kila kadi ina neno upande mmoja na maana yake upande wa pili. Husoma, hufumba macho, husema, hufumbua. Mwendo ni huo mpaka adhana ya adhuhuri.

Huenda msomaji akauliza, mambo ya shule za Marekani yatuhusu nini sisi watu wa Mwambao? Yatuhusu. Wapo huko watu wetu wa Barawa na Wabajuni walioikimbia Somalia baada ya serikali yake kuanguka mwaka 1991, na wapo wa Mombasa na Lamu waliokwenda kwa masomo na kazi wasirudi. Watoto wao ndio hawa. Na somo lenyewe analolitayarishia mjukuu wangu, kama tutakavyoona, halikosi kupita hapa petu.

Somo hilo huitwa kwa ufupi AP, nasi tungeliita Historia ya Dunia ya daraja ya juu. Linasimamiwa na shirika liitwalo College Board. Mwanafunzi huwa bado yuko sekondari, lakini hufundishwa mambo ya kiasi cha mwaka wa mwanzo wa chuo kikuu, na mwezi wa Mei hukalia mtihani wa saa 3 na dakika 15: maswali 55 ya kuchagua jibu, maswali 3 ya majibu mafupi, na insha 2. Alama ni kuanzia 1 mpaka 5, na aliyefanya vizuri baadhi ya vyuo vikuu humsamehe somo hilo akifika huko. Tangu mwaka 2025 mtihani hufanywa kwa kompyuta. Historia yenyewe inaanzia mwaka 1200 wa Miladi mpaka siku zetu, imegawanywa sehemu 9. Naam, miaka 800 ya dunia nzima, katika miezi isiyotimia kumi! Si ajabu mtoto akaanza kuhangaika Juni.

Siku ya tatu au ya nne nikaiokota kadi moja iliyoanguka chini ya kiti. Imeandikwa neno la Kiingereza, "monsoon", na nyuma yake maelezo kwamba ni pepo za Bahari ya Hindi zinazogeuka kwa majira na kuwasaidia wafanyabiashara wa zamani. Nikamwuliza, "Umelijua neno hili?" Akaniambia, "Hili rahisi, Babu, nimeshalihifadhi." Nikamwita darini. Kusi ilikuwa ikivuma barabara, ikamvuta mtandio hata akaushika kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Hiyo inayokuvua mtandio ndiyo kadi yako." Nikamweleza kwamba neno lile la Kiingereza na neno letu "msimu" baba yao ni mmoja, ni "mausim" ya Kiarabu, na kwamba kusi ndiyo iliyokuwa ikiwarudisha majahazi Arabuni na Bara Hindi, na kaskazi ndiyo iliyokuwa ikiwaleta, na kati ya hizo mbili mtu hana la kufanya ila kungoja. Alinyamaza, akatazama bahari muda. Halafu akauliza swali ambalo halimo kitabuni: "Wakingoja walikuwa wakilala wapi?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kitabu kile kinene, na senti zote alizotoa mamake kukinunua, kilikuwa kinamla mtoto likizo yake bure.

Sikusudii kusema kwamba kuhifadhi hakufai. Sisi sote tuliopita chuoni twajua thamani ya kuhifadhi, na asiyejua kwamba Baghdad ilianguka mwaka 1258 na Constantinople ikatekwa mwaka 1453 atachanganya la mbele na la nyuma. Lakini tarehe ni vigingi tu vya kufungia kamba. Mwenye vigingi asiye na kamba hafungi kitu. Na mtihani huu, nilipoutazama vizuri, hauulizi sana "lini". Wauliza "kwa nini", na "nani asema", na "kipi kilibadilika na kipi kilibaki". Mambo hayo hayahifadhiwi kwa kadi.

Kabla sijaeleza tulivyofanya, kuna habari moja ambayo kila mzazi wa kwetu mwenye mtoto Marekani yafaa aijue. Mwanzoni somo hili lilikuwa likianzia zama za kale kabisa, maelfu ya miaka kabla ya Nabii Isa (A.S.). Walimu wakalalamika kwamba ni refu mno. Mwaka 2018 College Board wakatangaza kwamba watalikata, na mtihani utaanzia mwaka 1450. Wakapingwa na walimu na wanafunzi, na baada ya miezi michache wakarudi nyuma kidogo, wakaukubali mwaka 1200, ukaanza kutumika katika mwaka wa masomo wa 2019 na 2020.

Sasa msomaji na apime mwenyewe. Lau mwaka 1450 ungepita, mtoto angeufungua ulimwengu na kuwakuta nani? Mansa Musa wa Mali aliyepita Misri akienda kuhiji mwaka 1324 angekuwa hayumo. Ibn Battuta hayumo. Zheng He, yule amiri wa bahari wa Kichina aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, ambaye safari zake saba zilikuwa baina ya 1405 na 1433, naye hayumo, wala twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415. Dunia ingeanza karibu na siku Columbus alipong'oa nanga, yule ambaye mji anaokaa mjukuu wangu umepewa jina lake. Mwafrika na Mwislamu wangeingia katika kisa wakiwa tayari wamevamiwa. Na atakayesema kwamba ni kupunguza kurasa tu, na ajiulize mbona zilizopunguzwa ni hizi.

Hata huo mwaka 1200 una ila yake. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, ndio 1107 wa Miladi. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton na wenziwe wachimbuaji walikuta mabaki ya misikiti, mmoja juu ya mwingine, na wa chini kabisa ukakadiriwa kuwa wa karne ya 8. Kwa hiyo mtoto akilifungua somo anatukuta tumeshasimama, tuna misikiti, tuna majahazi, tuna wafalme, lakini tulikotoka haambiwi. Na akiisha kuambiwa "miji ya Waswahili" mistari michache, mwalimu ageuza ukurasa. Simlaumu mwalimu, ana dunia nzima mkononi. Nasema tu kwamba pengo hilo hujazwa likizoni, na wa kulijaza ni sisi.

Basi nikamwomba ruhusa binti huyu, na kwa simu nikamwomba mamake, kwamba kadi ziwekwe kando mwezi mmoja. Mamake hakuridhika. "Mjomba," akaniambia, "wenziwe wote wanasoma kitabu hichohicho." Nikamwomba anivumilie.

Tulianza na ramani. Nyuma ya kalenda ya zamani alichora kwa penseli Bahari ya Hindi, bila kutazama, na mara ya kwanza aliiweka Kilwa kaskazini ya Lamu. Hapana neno. Alichora tena na tena hata akawa aweza kuweka Sofala, Kilwa, Mombasa, Mogadishu, Aden, Hormuz, Calicut, Melaka na Quanzhou, na kwa kila bandari aandike kilichotoka na kilichoingia: dhahabu, pembe, boriti, nguo za Gujarat, vyungu vya China. Siku moja tulikwenda Gedi, mji ule ulioachwa msituni karibu na Watamu ambao UNESCO waliutia katika urithi wa dunia mwaka 2024. Pale aliona kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na vigae vya sahani za China vilivyochimbuliwa. Alisimama mbele ya vigae vile muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya jambo lolote tangu afike, ukiondoa simu yake.

Lakini jambo lililonifurahisha zaidi lilitoka kwingine. Ile insha kubwa ya mtihani huja na nyaraka 7, mwanafunzi akapewa saa nzima kuzisoma na kuandika. Haimtoshi kusema waraka unasemaje. Atakiwa aeleze aliyeandika ni nani, alimwandikia nani, wakati gani, na alitaka nini. Kitabu kinene kilikuwa na jedwali la herufi za kukumbukia maswali hayo, na mtoto alikuwa akizihifadhi bila kujua zatumikaje. Nikamwuliza, "Huko kwenu Jumamosi huenda madrasa?" Akasema naam. "Maalim alikufundisha Hadithi hupimwa vipi?" Akajibu mara moja, "Huangaliwa sanadi, Babu. Nani kapokea kwa nani, na kama alikuwa mkweli, na kama walikutana." Nikamwambia, "Basi nusu ya mtihani wako umeshaisoma, na hakuna aliyekwambia."

Sisemi kuwa elimu hizo mbili ni moja. Muhaddith hutafuta kama neno limesemwa kweli na Mtume (S.A.W.), na la uongo hulitupa. Mwanahistoria hata uongo humfaa, maana uongo humwonyesha aliyeusema alikuwa akitaka nini. Lakini tabia ya kusita, ya kutomeza habari kabla ya kumjua mwenye kuileta, hiyo watoto wetu waifundishwa chuoni wakiwa wadogo, kisha tukawaacha wadhani kwamba ni jambo la Ijumaa tu.

Tukaingia kwa Ibn Battuta. Nilikuwa na kitabu cha Ross Dunn juu ya safari zake, kilichotoka mwaka 1986, nacho chasomeka vizuri kwa kijana wa umri ule. Ibn Battuta alizaliwa Tanja mwaka 1304, akatoka kwao mwaka 1325 kwenda kuhiji, na mwaka 1331 akateremka pwani yetu. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Asimulia kwamba watu wake walikuwa Mashafii, wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao imejengwa vizuri, na huosha miguu kabla ya kuingia. Kwamba chakula chao ni ndizi na samaki, na nafaka yaletwa kutoka nje. Binti akacheka, "Ndizi na samaki! Si tulivyokula jana?" Nami nikacheka, kisha nikamwuliza sanadi. Akatafuta. Akakuta kwamba Ibn Battuta hakuandika kwa mkono wake. Alimsimulia Ibn Juzayy huko Fez kwa amri ya Sultani, na kazi ikamalizika mwaka 1355, miaka zaidi ya ishirini tangu alipolala hapa usiku ule mmoja. Akakuta kwamba mtu huyu alikuwa kadhi na mgeni wa wafalme, na kwamba mfalme mkarimu humsifu na bahili hamsahau. "Kwa hiyo," akaniambia, "yeye hutazama mahali kama msafiri anayetazama hoteli." Sikuwahi kulifikiria hivyo.

Kutoka Mombasa Ibn Battuta alikwenda Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Asimulia kisa cha fakiri mmoja wa Yemen aliyemkabili Sultani akitoka kusali Ijumaa, akamwomba nguo zilizokuwa mwilini mwake. Sultani akarudi akazivua, akampa. Watu wakamsifu sana. Kisha nguo zikakombolewa kwa fakiri, na badala yake akapewa watumwa, akaongezewa watumwa wengine na pembe za ndovu.

Mimi kisa hiki nimekisoma tangu ujana wangu, na kila mara nimekisoma kama kisa cha ukarimu. Mjukuu wangu aliweka kidole juu ya mstari mmoja, akauliza, "Babu, hawa watumwa walikuwa kina nani?"

Nikamwambia ni mateka wa vita, mambo ya zamani. Nikainuka nikasema nakwenda kutia udhu. Alasiri ilikuwa bado haijaadhiniwa.

Nakiri hapa, mbele ya wasomaji, kwamba nilimkimbia mtoto. Na nilijua kwa nini. Nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu palikuwa na bibi mmoja mkongwe tuliyekuwa tukimwita Bibi wa Uani. Alikuwa akitupikia, akituogesha, akitulaza kwa hadithi. Siku moja nikamwuliza nyanya yangu, Bibi wa Uani ni nani wetu? Nikaambiwa, "Ni mzalia," na kwa namna neno lile lilivyosemwa nikajua nisiulize tena. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba mzalia ni aliyezaliwa utumwani katika nyumba. Watumwa wa pwani hii ya Kenya waliwekwa huru kwa sheria mwaka 1907. Huyu mama aliyenilea alizaliwa kabla ya hapo. Si mambo ya zamani hivyo.

Usiku ule nikalitoa jambo barazani. Kukawa na maneno. Mmoja akasema, mtoto asitiwe aibu kichwani. Wazungu ndio waliowabeba watu kiasi cha milioni 12 na zaidi kuvuka Atlantiki, mbona sisi ndio tukae kujihukumu? Mwingine akasema, utumwa wetu haukuwa kama wao, mtumwa wa kwetu alikula chakula cha nyumba na akaoa katika nyumba. Maalim, ambaye kwa kawaida husema mwisho, akasema tu kwamba Dini imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya makosa kadha wa kadha, kisha akanywa kahawa yake.

Hoja ya kwanza ni ya kweli kwa hesabu yake, lakini deni la jirani halilipi langu. Hoja ya pili naijua vizuri, maana nimelelewa ndani yake, na nilimpenda Bibi wa Uani. Lakini sikumbuki hata siku moja aliyoketi ukumbini. Kisha kuna jambo ambalo wenzangu hawakulipima. Mtoto huyu haendi kusoma somo hili Kibokoni. Aenda kulisoma Ohio, katika darasa ambamo pengine jirani yake wa kushoto ni mjukuu wa waliobebwa Atlantiki. Siku itafika, katika sehemu ya miaka ya 1750 mpaka 1900, mwalimu ataitaja Zanzibar: Sayyid Said aliyehamishia makao yake huko mnamo 1840, mashamba ya karafuu, soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Wenzake watageuka wamtazame huyu wa mtandio aliyesema kwao ni huko. Kama hajaambiwa na mtu ampendaye, atafanya moja katika mawili: atakataa kweli, au ataona haya ya kwao. Yote mawili ni hasara, na hasara hiyo hailipwi kwa alama 5.

Asubuhi nikamwambia avae viatu. Tukapanda matatu, tukavuka daraja la Nyali hadi Kengeleni, mahali palipoitwa hivyo kwa ile kengele ya Frere Town, kijiji walichokijenga wamishenari mwaka 1875 kuwakalisha watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Magari yanapita kwa kelele, watu wananunua maembe, hakuna atazamaye juu. Nikamweleza yote niliyoyajua. Nikamweleza na habari ya Bibi wa Uani, ambayo sikupata kuwaeleza hata wanangu mwenyewe. Aliniuliza jina lake hasa lilikuwa nani. Nilimtajia. Kisha akauliza, ikiwa Dini ilihimiza kuwaacha huru, mbona ilifika mpaka 1907, na tena kwa amri ya serikali ya Kiingereza? Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwambia aliandike swali lile katika daftari lake, na ajue kwamba mwalimu mzuri atalipenda kuliko jibu.

Wiki zilizosalia zilikwenda mbio. Tulisoma habari za Kilwa, ambazo zimetufikia kwa njia mbili, moja ya Kiarabu iliyoko London na moja ya Kireno aliyoichapisha João de Barros mwaka 1552, na hazikubaliani katika kila jambo; zoezi zuri kwa mtoto wa nyaraka 7. Zote mbili zasema wafalme wa kwanza walitoka Shirazi. Wataalamu wa karne iliyopita wengi wao walicheka, wakasema ni ngano za kujikweza. Kisha mwaka 2023 ukatangazwa uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na jirani zake, na damu yao ikaonyesha kwamba kuanzia mnamo mwaka 1000 wanaume wa Kiajemi walichanganyika na wanawake wa Kiafrika. Ngano haikuwa uongo mtupu. Wala haikusema kweli yote, maana wale wanawake haiwataji. Binti alilipenda sana hilo la wanawake. Kwa atakaye kuendelea, kuna vitabu vya Abdul Sheriff wa Zanzibar juu ya majahazi na juu ya karafuu na watumwa, na cha Ahmed Idha Salim cha mwaka 1973 juu ya Waswahili wa pwani ya Kenya. Hivyo vyatosha kiangazi kizima kuliko tofali lile.

Na tuliandika. Kila Jumatatu na Alhamisi, dakika 40 kwa saa, insha moja. Ya kwanza ilianza kwa kusema kwamba biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa na umuhimu mkubwa. Nikamwuliza, "Nani atakayekubishia hapo?" Akasema hakuna. "Basi hujasema kitu." Mtihani huu wataka mtu aanze kwa hoja inayoweza kubishwa, kisha aitetee kwa ushahidi. Insha ya mwisho kuandika hapa ilidai kwamba ni kungoja ndiko kulikoijenga miji yetu: kwamba upepo uliwalazimisha wageni kukaa miezi, na kwa kukaa wakaoa, wakajenga, wakasali pamoja na wenyeji, lau upepo ungevuma namna moja mwaka mzima wangepakia na kuondoka. Alikuwa amelijibu mwenyewe swali lake la darini. Nilimsomea Maalim barazani. Akakasirika, akasema Uislamu haukuletwa na upepo. Wakabishana yeye na mtoto mpaka kahawa ikapoa, na mtoto hakushindwa kwa urahisi. Nikajua ameiva.

Aliondoka Agosti. Tofali halikufika hata nusu, na mamake alinipigia simu kunilaumu, nami nikakubali lawama. Zile kadi alizirudia mwenyewe katika ndege, akaniambia sasa zahifadhika kwa upesi kwa sababu kila moja ina mahali pake. Hilo naliamini. Mtihani ni Mei, na matokeo ni ya Mungu.

Kuna jambo moja limebaki, na kwa hilo nawaomba msaada wasomaji wa ukurasa huu. Mwalimu wake amewaruhusu wanafunzi kuleta darasani waraka mmoja wa nyumbani. Katika sanduku la marehemu baba yangu mna karatasi ya hati za Kiarabu, lugha yake nadhani ni Kiswahili, nusu imeliwa na mchwa, na katika mstari wa tatu limo jina la Bibi wa Uani. Sijui kama ni wasia, au hati ya uhuru, au deni la nguo. Maalim amejaribu akashindwa. Asema mkono ule si wa Mombasa, huenda ni wa Siu au Pate. Mwenye kuzijua hati za huko, nami nipo barazani Kibokoni kila siku baada ya Isha.